Bagamoyo, Mahali pa Kubwaga Moyo

Sisi tukaao Kinondoni twaipita njia ya Bagamoyo asubuhi na jioni, wala hatufikiri kwamba yafika mahali. Nami nalikuwa hivyo, hata mtoto mmoja darasani akaniuliza, “Mwalimu, ni nani aliyebwaga moyo huko?” Nikamjibu upesi, kama nilivyofundishwa, kwamba ni watumwa, maana walipoiona bahari walikata tamaa ya kurudi kwao.

Jioni nikamweleza bibi yangu. Akanyamaza, kisha akasema, “Na babu yangu je? Alikuwa mpagazi, Mnyamwezi, akichukua pembe za ndovu begani. Alipofika pwani alibwaga mzigo, akacheza ngoma.” Nikaona haya, kwa kuwa nalikuwa nimemfuta mzee wetu kwa neno moja.

Basi Jumamosi nikapanda gari pale Makumbusho. Mwendo ni kilomita 70 hivi. Mji wenyewe ni mdogo, makao ya wilaya, na mtu aweza kuuzunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa sababu bahari ya Bagamoyo haina kina na merikebu zilitia nanga mbali. Baadaye reli nayo ikaanzia huku kwetu. Hivyo ukubwa wetu tuliurithi kwao, nasi tumekwisha kusahau.

Nalikaa sana misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mnara wa kanisa lao la kwanza ungalipo, na hapo ndipo ulipoletwa mwili wa Livingstone, Februari 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuuchukua miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Wapagazi hao!

Jumatatu nikamwita yule mtoto, nikamweleza habari zote mbili. Akauliza ipi ni ya kweli. Nikamwambia kwamba watumwa na wapagazi waliingia kwa njia moja, pengine katika msafara mmoja, na kila mtu alibwaga moyo wake. Akaziandika zote mbili.

Bibi nalimletea samaki wakavu. Hakuwatazama, aliniuliza tu ni wapi hasa njiani mtu huanza kuiona bahari.