Louisville Imeinuliwa na Mgeni

Kila klabu kubwa ya nyumbani Tanzania inapotangaza kocha mpya, kabla hajasimamia hata mazoezi ya siku moja, watu huwa wameshagawanyika: kwa nini si mzawa? Mjadala huo umerudi tena, na safari hii umeandamana na maneno makali juu ya watu wa nje wanaokuja kula fedha zetu na kuondoka. Unakera, na unakera zaidi ukiufuatilia ukiwa Louisville, katika jimbo la Kentucky, mji uliokaa miaka saba ukitazama timu yake ya kikapu ya chuo ikiporomoka, ukajaribu dawa ya mtoto wa nyumbani, ukaishia pabaya kuliko ulikoanzia, kisha ukamkabidhi mgeni funguo. Ninachokitetea hapa ni hiki: mtu huwa wa nyumba kwa kazi anayoifanyia nyumba hiyo. Jamii inayotanguliza asili ya mtu mbele ya uwezo wake hujinyima watu wake bora, awe kocha wa kikapu au mtoto wake mwenyewe aliye ughaibuni.

Wako nyumbani wanaoshangaa mtu mzima kushughulika na timu ya wanafunzi. Louisville haina timu kubwa ya kulipwa ya kikapu tangu Kentucky Colonels ivunjwe mwaka 1976, kwa hiyo timu ya Chuo Kikuu cha Louisville ndiyo timu ya mji mzima, kuanzia wakili wa katikati ya mji hadi mfanyakazi wa ghala la vifurushi. Upinzani wake na Chuo Kikuu cha Kentucky, kilichopo Lexington, hauhitaji maelezo kwa mtu aliyekulia kwenye dabi ya Kariakoo. Historia yake nayo inastahili heshima. Timu ilianza kusajili wachezaji weusi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati vyuo vingi vya Kusini mwa Marekani vilikuwa bado vimefunga milango, na Wes Unseld, kijana wa Louisville aliyekuja kuwa mmoja wa magwiji wa NBA, aliichezea timu hiyo ya mji wake. Mwaka 1971 akaja Denny Crum, Mkalifornia aliyekuwa msaidizi wa John Wooden pale UCLA. Hakuwa na ndugu wala jamaa Kentucky. Alifundisha miaka 30, akaifikisha timu nusu fainali ya taifa mara sita, akatwaa ubingwa mwaka 1980 na 1986, na alipostaafu hakurudi California. Alibaki Louisville hadi alipofariki mwaka 2023, na mji ulimlilia kama mzee wake. Nyota wa ubingwa ule wa 1980 alikuwa Darrell Griffith, mtoto wa Louisville hasa. Kocha mgeni na mchezaji mzawa walijenga kitu kimoja, na hakuna aliyeona kwamba mmoja alimpunguzia mwenzake chochote.

Anguko lilitoka juu, kwa waliokuwa na mamlaka. Rick Pitino, aliyemrithi Crum mwaka 2001, alitwaa ubingwa mwaka 2013. Baadaye ikabainika kwamba mtumishi mmoja wa timu alikuwa akiwalipia wachezaji na vijana waliokuwa wakishawishiwa kujiunga huduma za ngono kwenye bweni la chuo. Mwaka 2017 uchunguzi wa FBI kuhusu fedha za kuwavuta wachezaji uliigusa Louisville, na Pitino akaondolewa pamoja na mkurugenzi wa michezo. Februari 2018 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikafuta ushindi 123 na ubingwa wa 2013, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa bingwa wa kikapu cha wanaume. Bendera ya ubingwa ikashushwa. Kilichoiumiza timu zaidi ni kusubiri: kesi ya pili iliburuzwa hadi Novemba 2022, na kwa miaka mitano kila mzazi wa kijana mwenye kipaji aliambiwa na makocha wa vyuo vingine kwamba Louisville itafungiwa. Adhabu ilipotoka ilikuwa nyepesi, lakini madhara yalikuwa yameshatokea. Chris Mack, aliyeajiriwa mwaka 2018, aliondoka katikati ya msimu mwanzoni mwa 2022.

Hapo ndipo hoja ya mtoto wa nyumbani ilipopata nafasi yake. Machi 2022 chuo kilimwajiri Kenny Payne, aliyekuwemo kwenye kikosi cha mabingwa wa 1986, na akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi wa timu hiyo. Ulikuwa uteuzi wenye maana kubwa kwa mji wenye historia niliyoieleza, na furaha ya siku ile ilikuwa ya haki. Payne alikuwa na sifa pia, maana alikuwa amewanoa vijana wengi waliofika NBA akiwa msaidizi pale Kentucky. Lakini hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo, na kilichotumika kuziba pengo hilo ni undugu. Timu ilifungwa mechi tatu za kwanza kwa tofauti ya pointi moja moja, ya kwanza ikiwa dhidi ya Bellarmine, chuo kidogo cha mji huo huo. Msimu ule uliisha kwa ushindi 4 na vipigo 28, uliofuata kwa ushindi 8 na vipigo 24. Katika ukumbi wa KFC Yum! Center, wenye viti takriban 22,000 kando ya Mto Ohio, safu kwa safu zilibaki tupu. Ni kweli kwamba Payne alirithi kivuli cha kesi, na haki yake ni kukumbukwa hivyo. Lakini kivuli kiliondoka mwanzoni mwa msimu wake wa kwanza, na wa pili bado ulikuwa vipigo 24. Waliomtwika mzigo ule kwa sababu tu alikuwa wao hawakumtendea wema.

Machi 2024 akaajiriwa Pat Kelsey, mtu wa Cincinnati, aliyetokea Chuo cha Charleston, South Carolina. Kule alikuwa ametwaa ubingwa wa ukanda wake miaka miwili mfululizo, ukiwemo msimu wa ushindi 31 na vipigo 4. Wengi Louisville hawakulijua jina lake. Hakurithi kikosi, ilibidi asajili timu nzima upya: Chucky Hepburn kutoka Wisconsin, Terrence Edwards kutoka James Madison, Reyne Smith wa Australia aliyemfuata kutoka Charleston. Kwanza alishughulika na watu. Alizunguka mjini akiomba mashabiki warudi, akauita mradi wake ReviVille, yaani ufufuo wa Louisville, na kuwarudisha wakongwe wa Crum karibu na timu. Mwanzo haukuwa mtamu. Majeruhi walimpunguzia kikosi, na katikati ya Desemba, baada ya kufungwa na Kentucky, alikuwa na ushindi 6 na vipigo 5. Hakuna aliyemfungia mabegi. Timu ikashinda mechi 21 kati ya 22 zilizofuata, ikafika fainali ya ukanda wa ACC na kufungwa na Duke, na msimu ukaisha kwa ushindi 27 na vipigo 8. Nyumbani kocha aliyeanza hivyo angekuwa ameshapandishwa ndege kabla ya Krismasi, na wanaodai mzawa wangedai wameshinda hoja.

Kuna anayesema kwamba hayo yote ni fedha. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, wanahama chuo hadi chuo kwa urahisi, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kugawana nao mapato, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Payne naye alifundisha katika mji huo huo wenye wafadhili hao hao, chini ya kanuni za uhamisho zisizotofautiana sana. Fedha huleta wachezaji, haiwafundishi kukaba pamoja. Mwingine atasema timu ya watu waliokutana kiangazi hicho na kutawanyika masika yaliyofuata haiwezi kuwa timu ya mji. Hili linanigusa zaidi, kwa sababu kuna kitu kimepotea: Griffith alikaa miaka minne, watu wakamwona akikua. Hata hivyo Smith aliyetoka Australia alishangiliwa kama mtoto wa mtaa, na alistahili, kwa sababu alijituma mbele yao. Na yupo atakayesema msimu mmoja si ushahidi. Ni sahihi. Kelsey alitolewa na Creighton kwenye mechi yake ya kwanza ya mashindano ya taifa mwaka 2025, tena Lexington, kwenye ukumbi wa wapinzani. Hadi msimu huo unaisha, Louisville ilikuwa haijashinda mechi ya mashindano hayo tangu 2017. Deni hilo lilibaki lake, na apimwe nalo kwa ukali ule ule ambao angepimwa nao mwenyeji. Ninachodai ni kipimo kimoja kwa wote.

Na hapa siwezi kubaki kwenye kikapu peke yake, kwa sababu swali la mzawa nyumbani haliishii kwenye benchi la ufundi. Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa klabu moja ya Ligi Kuu ya Tanzania walipewa uraia, na nchi ikachemka. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mtu anayetaka kuitumikia nchi na kutimiza masharti apokelewe. Ugomvi wangu ni na upande wa pili wa sheria ya uraia: mtoto wa Watanzania aliyezaliwa Marekani anapofikia utu uzima anatakiwa kuchagua, na Mtanzania aliyechukua pasipoti ya nchi anakoishi ili apate kazi au masomo anahesabiwa ameondoka moja kwa moja. Kenya iliruhusu uraia pacha kwenye Katiba yake ya 2010, na haijapungukiwa uzalendo. Hadhi maalumu iliyoletwa Tanzania kwa wenye asili ya nchi hiyo ni hatua, na walioipigania wanastahili shukrani, lakini inamrudisha mtoto wa nyumba kama mgeni mwenye kibali. Fedha tunazotuma sisi tulio ughaibuni kusomesha wadogo na kutibu wazazi hazijawahi kuulizwa pasipoti.

Tutaambiwa kwamba mwenye nyumba mbili hana nyumba, na kwamba tunaosifu Louisville tumesahau tulikotoka. Ushahidi wa mji huu unapinga hilo. Kiswahili kinazungumzwa na maelfu ya watu hapa, wengi wao familia za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, na watoto wao huvaa jezi nyekundu za Louisville bila kuacha kuwaamkia wazee shikamoo. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam akaenda kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut, watu wa huko wakamfanya wao, na mwaka 2009 alipochaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, Tanzania haikupoteza mtu, iliongeza jina. Mapenzi ya mahali pawili hayagawanywi kwa mbili. Crum aliipenda Louisville bila kuikana California, na Kelsey hatakiwi kuikana Cincinnati ili ashinde mashindano ya taifa ya Machi.

Kwa hiyo matumaini yangu kwa Kelsey ni makubwa na yana sababu: anajua kusajili, hakukata tamaa Desemba ile, na mji umempa muda. Matumaini yangu kwa nyumbani ni makubwa zaidi, ndiyo maana nayasema kwa ukali. Klabu zetu zimpe kocha, mzawa au mgeni, misimu miwili yenye malengo yaliyoandikwa kabla ya kumhukumu. Bunge nalo limalizie kazi ya uraia pacha iliyoachwa njiani. Yote mawili yanahitaji ujasiri mmoja, wa kumpima mtu kwa anachokifanya, na nchi yenye watu wengi wenye uwezo kama yetu haina sababu ya kuuogopa.