Chini ya Bomba Kubwa la Lubumbashi

Mgeni afikaye Lubumbashi huliona mapema bomba kubwa la moshi, na kando yake kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Hapo shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911. Wazee wetu waliandikwa kazi Union Minière, nayo iliwapa nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto, hata wakaiita baba na mama.

Juma lililopita nilikwenda kumwamkia mzee mgonjwa katika kambi la zamani la wafanyakazi. Nilipanda pikipiki Katuba. Kumbe mwendeshaji alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, aliyewashinda wenzake wote kwa hesabu! Alikataa nauli, nilimtilia mfukoni kwa nguvu.

Nilimwuliza kwa nini hakutafuta kazi ya mshahara. Akajibu:

"Niliipata, Mwalimu. Mtu wa kati alinipeleka machimboni kwa mkataba wa miezi mitatu. Ulipokwisha, mitatu tena; na kila mara yeye alikata sehemu yake. Sasa kila jioni nampa mwenye pikipiki fedha yake, nanunua petroli, na kinachobaki twakila nyumbani siku hiyo hiyo."

Siku hiyo hiyo! Ndugu msomaji, mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, na wengi wao walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Vijana wa leo walilelewa katika nyumba hizo. Mtoto aliyelala njaa akingoja mwisho wa mwezi, atauaminije mwezi? Wengine husema vijana ni wavivu. Mimi huwaona barabarani kabla ya jua kuchomoza, nami sikubali neno hilo.

Lakini aliposimama, niliona kovu mguuni mwake, kutoka gotini hadi kifundoni. Alianguka wakati wa mvua, akalala majuma sita. Dawa alilipiwa na dada yake, muuza mboga. Mwenye pikipiki alimpa mtu mwingine pikipiki ile.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni.

"Kijana aliyekuleta ameandikwa kazi wapi?"

"Hakuandikwa popote, baba."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza apata kiasi gani kwa siku. Nikamtajia. Mzee akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.