Biti Yarudi Uani

Oktoba 2024, kampuni ya Ableton ya mjini Berlin ilipotangaza kisanduku chake cha kutengenezea muziki kiitwacho Move, vijana wa studioni walianza kurushiana picha usiku huohuo. Kinapiga singeli? Kinakaa na chaji saa ngapi? Bei gani? Mimi macho yangu yalitua kwenye spika. Ndani ya chombo kisichofika kilo moja wameweka betri, maikrofoni, pedi 32 za kugonga kwa vidole, na spika yake chenyewe. Unaweza kuanza biti na kuifikisha mbali bila kompyuta na bila waya ukutani. Na kwangu mimi niliyekulia Temeke, Dar es Salaam, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni mchiriku.

Asiyeujua mchiriku wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 afikirie Casio ndogo, zile za vitufe vyembamba ambazo kwingine zilinunuliwa kuwa zawadi ya mtoto, imeungwa kwenye amplifaya iliyochakaa na spika za honi zenye kupasua sauti. Pembeni kuna ngoma, na mbele kuna mwimbaji anayejua majina ya nusu ya mtaa. Iwe harusi, iwe kumtoa mwali, uwanja ukipatikana watu walikesha. Ila kilichonikaa zaidi ni pale alipokaa mpiga kinanda. Alikuwa katikati ya watu, anaona miguu yao. Kina mama wakikoleza, naye anakoleza. Vumbi likianza kutulia, anabadilisha mlio kabla hawajatawanyika. Wachezaji walimwendesha kama yeye alivyowaendesha. Mwaka 2012, kundi la Jagwa Music lilipotoa albamu ya Bongo Hotheads kupitia Crammed Discs ya Ubelgiji, wasikilizaji wa Ulaya waliusikia ule mlio wa Casio kama jambo jipya kabisa. Kwetu Temeke mlio huo ulikuwa umeshalea watoto.

Kisha muziki ukaingia ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sisi wote tuliotaka kurap tulizitaja studio za MJ na Bongo Records kwa sauti ya chini, maana huko ndiko Bongo Fleva ilikopikwa. Mashine tulizijua kwa kuhadithiwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa MPC, ambayo Roger Linn aliibuni kwa ajili ya kampuni ya Akai ya Japani. Ile ya kwanza, MPC60, ilitoka mwaka 1988 ikiwa na pedi 16 za mpira na kumbukumbu ya kuhifadhi sekunde 13 tu za sauti. Sekunde 13! Lakini katika hizo unaweza kukata kipande cha ngoma kutoka sahani ya zamani, ukakigonga upya kwa mkono wako, ukasikika wewe. Mashine aliyokuwa akiitumia prodyuza J Dilla wa Detroit, MPC3000, leo iko katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na mimi naona pale ndipo mahali pake.

Mwaka 1996 Roland walitoa MC-303, chombo cha kwanza kuuzwa kwa jina la groovebox: ngoma, besi, kinanda na kinasa mpangilio, vyote mahali pamoja. Niliigusa kwa mtu aliyekuja nayo kutoka Dubai. Ilikuwa na sauti 448 na nilizipenda karibu zote, lakini ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa: huwezi kuingiza sauti yako. Ukitaka zeze, ukitaka tari, ukitaka sauti ya bibi yako, hakuna. Ulikuwa unacheza kwa vilivyochaguliwa na wahandisi wa Japani kwa ajili ya kumbi za dansi za Ulaya.

Kilichotufungulia ni kompyuta. FruityLoops, programu ya Image-Line ya Ubelgiji iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1997, ilifika kwetu kwenye CD zilizopita mkono kwa mkono, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumwambia kijana wa Tandika kwamba muziki ni wa wenye studio. Naisema kwa heshima zote. Bila kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kwa kuchangishana pasingekuwepo singeli tunayoijua. Pale Sisso Studios, Mburahati, wametengeneza midundo inayovuka mapigo 200 kwa dakika kwa kukata vipande vya mchiriku na taarabu na kuvikimbiza mpaka vikawa kitu kingine. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi zao katika albamu ya Sounds of Sisso, na dunia ikaja kugonga hodi.

Lakini tazama jinsi chumba kilivyopangwa. Meza imesukumwa ukutani, juu yake kioo cha kompyuta, spika kushoto na kulia. Prodyuza ameelekea ukuta. Nyuma yake kuna benchi, na juu ya benchi ameketi mwimbaji na wenzake, wanatazama kisogo. Nimekaa kwenye benchi hilo, na baadaye nikakaa kwenye kiti kile, kwa miaka. Aliyeko kwenye kiti anaona mistari ya rangi. Aliyeko kwenye benchi anaona shati. Mwimbaji hajui kama kinachofanyika ni kuongeza ngoma au kufungua barua pepe, kwa hiyo anashika simu yake na kusubiri aambiwe, "Haya, ingia." Biti inampata ikiwa imeiva. Yeye kazi yake ni kupaka maneno juu.

Hapo ndipo tulipopoteza jambo ambalo mpiga Casio alikuwa nalo bila kufundishwa. Na macho yakachukua kazi ya masikio. Ukiona kipande cha ngoma kimekaa vizuri kwenye mistari, unakinakili mpaka mwisho wa wimbo kwa kubonyeza mara moja. Hakuna mkono uliochoka, hakuna mtu aliyetabasamu katikati akakufanya upige tofauti. Nyimbo zetu nyingi za miaka ile zina dakika moja ya muziki iliyorudiwa. Nazipenda bado, ila hilo lazima lisemwe.

Rafiki anayeishi Ujerumani alikuja likizo na Move yake, akaniachia niizoee. Jioni ile umeme ulikatika, nikatoka nayo uani kwa shangazi. Nikaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shangazi alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nilisogeza maikrofoni ya kile kisanduku, nikanasa mkwaruzo wa nazi, nikaukata, nikaupeleka kwenye pedi. Kabla sijamaliza kupanga kiki, mpwa wangu aliyekuwa akifua alikuja na povu mikononi. "Mjomba, hiyo ya katikati gonga tena." Nikagonga. "Siyo hivyo, ichelewe kidogo." Akajifuta, akagonga mwenyewe. Shangazi naye, bila kuinua uso: "Mwanangu, mbona nazi yangu inakimbia hivyo? Ipunguze." Nikapunguza mwendo, na kweli ikakaa.

Studioni hajawahi mtu kuniambia nipunguze kabla biti haijaisha. Asingejua pa kusemea. Hapa pedi zinawaka, mkono unaonekana, kila mtu anajua sauti ipi imetoka wapi. Kioo kipo, kidogo cha kusoma jina la sauti tu, hakimvuti mtu macho. Na kuna kitufe kimoja kilichonigusa kuliko sifa zote zilizotangazwa: ukiwa unachezacheza tu, hujarekodi chochote, ukikibonyeza kinakurudishia ulichokuwa ukipiga muda mfupi uliopita. Mpwa wangu alikuwa akipapasa besi huku anaongea na jirani. Nikabonyeza, na ile besi ya mazungumzo ndiyo iliyobaki kwenye wimbo.

Sasa mapungufu yake, maana yapo. Treki ni nne tu. Moja ya ngoma hubeba sauti 16, hiyo inatosha, lakini ukishaweka besi, kinanda na kipande cha sauti ya mtu, umefika mwisho wa njia. Spika inafaa kuonyeshea wazo. Besi ya singeli haiwezi kuibeba, ndogo mno. Betri ni ya takriban saa nne kwa maelezo ya wenyewe, na mkesha wa Kizaramo hauishi kwa saa nne. Kubwa kwangu ni vile vitufe 16 vya mpangilio. Vimejengwa kwa hesabu ya nne kwa nne. Mdundiko unaotembea kwa tatutatu juu ya mbili, ule unaowatoa watu majumbani wakafuata barabara nzima, unaingia kwa kulazimishwa, na ukiulazimisha unakakamaa. Niliuacha mpangilio nikapiga kwa mkono, hapo ukapumua. Ningewaomba wahandisi wa Berlin waje wakae Mbagala Jumamosi moja kabla ya kuchora toleo lijalo.

Na bei. Kilipotoka kiliuzwa dola 449, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilikuwa takriban shilingi milioni moja na laki mbili, hujalipa usafirishaji wala ushuru. Nilipompa mmoja wa vijana wetu aishike, mwenye kipaji kunishinda, aliizungusha, akagonga mdundo mkali usiozidi nusu dakika, akanirudishia. "Braza, tamu. Ila kwa hela hiyo mimi napata laptopu ya mtumba, kadi ya sauti na maiki, na chenji ya nauli." Sikumpinga. Kwa anayeanza leo Manzese, laptopu bado ndiyo hesabu yenye akili, na vyombo vya bei ya chini vinavyotumia betri vimeshaanza kuja.

Kisanduku kimerudi Ujerumani na mwenyewe. Meza ya studio nimeiondoa ukutani, nimeiweka katikati ya chumba. Nyaya zinapita chini ya zulia na kioo kinatazamana na mlango. Benchi sasa liko upande wa pili, na waimbaji wanalalamika kwamba feni haiwafikii huko.