Mrija Ulionibadilishia Njia

Mimi ni mzaliwa wa Changamwe, Mombasa. Kwangu hewa chafu ilikuwa ile inayoonekana: moshi mweusi wa malori ya bandarini, vumbi, taka zikichomwa. Nilipohamia Lewisham, kusini-mashariki mwa London, nikakuta magari hayatoi moshi, nikajua hapa tumepumua. Mwanangu alipoanza kubanwa na kifua, nililaumu baridi.

Kilichonishtua ni habari za Ella Adoo-Kissi-Debrah. Mtoto huyo wa Lewisham aliugua pumu, na kwao palikuwa karibu na barabara kuu ya South Circular. Alifariki Februari 2013, akiwa na miaka 9. Mama yake, Rosamund, hakuchoka kudai ukweli, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Miongoni mwa vilivyotajwa ni nitrojeni dioksidi, gesi ambayo mjini hutoka kwa wingi kwenye magari ya dizeli, na barabarani huioni kwa macho.

Nikajiunga na majirani waliokuwa wakiipima. Kifaa chenyewe ni mrija wa plastiki wa kama sentimita 7, hauna betri wala waya. Ndani ya kifuniko cha juu mna wavu mdogo wa chuma uliopakwa trietanolamini, kemikali inayoinasa gesi hiyo. Tunaufunga kwenye nguzo ya taa, mdomo wa chini ukiwa wazi, na baada ya wiki mbili hadi nne tunauziba na kuupeleka maabara. Huko hutiwa maji yenye kemikali nyingine, yakageuka rangi ya waridi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo gesi ilivyokuwa nyingi. Mrija mmoja hauzibuliwi kabisa, ili ijulikane kama kuna uchafu ulioingia kwa njia nyingine. Mirija mingine huwekwa kando ya mashine rasmi ya kupimia hewa, ili majibu yasahihishwe.

Majibu yalipokuja, barabara kuu tuliyokuwa tukipita kwenda shule ilivuka maikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo. Wiki chache si mwaka, lakini 40 ndicho kikomo cha kisheria cha Uingereza kwa wastani wa mwaka, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza 10 tu. Mtaa wa nyuma, hatua chache kutoka hapo, ulikuwa na gesi pungufu sana.

Siku hizi mwanangu na mimi tunapita mtaa wa nyuma. Gari langu kuukuu la dizeli nimeliuza. Ile ada ya pauni 12.50 kwa siku wanayotozwa wenye magari machafu, iliyoenezwa London nzima Agosti 2023, zamani niliilaani. Leo naitetea mbele ya yeyote.

Ndugu zangu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, mrija huu hauhitaji umeme. Anzeni na mageti ya shule zilizo kando ya barabara kuu, kisha wapelekeeni viongozi wenu namba. Malalamiko watayapuuza; namba watalazimika kuzijibu.