Kwenda Ruangwa na Mtoto Mpanda Miti

Kama hujapata kufika Nachingwea, jua kwamba ni mji uliokuzwa na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa kilimo, Kongwa, Urambo na huku kwetu, wakang'oa misitu kwa matrekta, hata kwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara nayo ikafungwa mwaka 1962. Ukiwauliza watoto wetu leo habari za karanga, watakucheka. Wao wanajua korosho na maembe, na embe tamu haliko chini.

Ninaye mtoto wa kiume wa miaka 9 asiyejua kutembea chini ikiwa mti upo. Desemba, shule zilipofungwa, nilimpeleka Ruangwa kwa bibi yake mzaa mama. Njia nzima alihesabu mikorosho dirishani, na vilima vya Ruangwa vilipoanza kuonekana akaniuliza kama vinapandika. Nikamjibu kwamba nikimwona juu ya kitu chochote nitamchapa. Nilisema hivyo kama baba wengi wasemavyo, bila kufikiri.

Siku ya pili alirudi jioni kimya, akakataa kula. Nikadhani amevimbiwa maembe, nikamgombeza. Alfajiri mama mkwe akaniita. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba juu ya kiwiko, ngozi inang'aa. Kumbe alianguka tangu alasiri, akalala na maumivu yake usiku kucha, ameuma shuka.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema utanichapa, Baba."

Mimi nilisoma chuo cha ualimu kabla sijawa karani wa parokia. Nilifundishwa habari za akili ya mtoto, nikajibu mtihani vizuri. Asubuhi ile sikukumbuka hata mstari mmoja.

Sasa sikiliza shauri lililofuata. Kwa Wamwera, tangu kale, mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Shemeji yangu akasema twende kwa fundi wa mifupa, mzee aliyemponya yeye mwenyewe mguu. Siwadharau wazee hao. Lakini kiwiko si mguu. Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu, na mfupa uliovunjika hapo waweza kuubana. Ukifunga vijiti kwa kukaza juu ya uvimbe, damu haishuki, na katika saa chache tu nyama za mkono zaweza kuanza kufa. Wapo watoto waliokatwa mkono si kwa sababu ya kuanguka, bali kwa sababu ya kufungwa.

Nikamwambia, "Shemeji, mtoto ni wenu, sitampeleka popote bila wewe. Ila naomba kwanza tuuone mfupa kwa picha." Akanyamaza kitambo, akachukua kofia yake. "Basi twende wote."

Hatukuunyosha mkono wala kuukanda. Tuliuacha ulivyokaa, mama mkwe akautegemeza kwa kanga iliyofungwa shingoni. Uji tuliuacha jikoni, maana huenda daktari akahitaji kumlaza kwa dawa, na tumbo lililoshiba huleta hatari. Ndani ya bajaji kila mara nilishika vidole vyake: vina joto? Anasikia nikivigusa? Anaweza kuvichezesha? Alivichezesha, akasema, "Baba, umeniuliza mara ngapi?"

Picha ikaonyesha ufa, mifupa haijaachana. Akafungwa hogo, tukaambiwa turudi mbio, hata usiku wa manane, vidole vikipoa au kufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua.

Usiku ule mtoto alilala, mimi sikulala. Mama yake alipiga simu kutoka Nachingwea: "Wewe ulikuwa unatazama nini?" Sikuwa na jibu, na nadhani hakulihitaji. Mama mkwe naye alitaka mwembe ukatwe. Lakini utakata mingapi? Wilaya zetu hizi mbili ni miti mitupu, na mtoto asiyeupanda mbele yako ataupanda nyuma yako.

Basi tukapatana naye. Asipande baada ya mvua, gome likiwa na utelezi. Asikanyage tawi kavu. Na akianguka, aseme saa ile ile, fimbo haitakuwapo. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu mimi, maana nililazimika kuliapa mbele ya mjomba wake.

Hogo lilipotolewa mkono ulikuwa mwembamba kama mwiko. Tuliporudi Ruangwa kusalimu, nilimkuta amesimama chini ya mwembe ule ule, ametazama juu. Nikaenda nikasimama karibu naye.

"Baba, unaogopa?"

"Naogopa."

Akashika tawi la kwanza, akapanda, akakaa.