Enkoda za sevo: stima ikirudi, mota inajua iko wapi?

Leo tuache programu kidogo tushuke kwenye vyuma. Rafiki yangu, fundi seremala wa Gikomba, anaunda mashine ya kuchonga milango inayoendeshwa na kompyuta, nami ndiye ninayemwandikia programu. Swali lake ni la pesa: anunue mota za sevo zenye enkoda gani?

Enkoda ndiyo jicho la mota. Mota ikizunguka, enkoda huripoti imefika wapi, na kidhibiti hurekebisha ikiwa imepungukiwa au imepitiliza. Bila taarifa hiyo hakuna sevo.

Ya bei nafuu ni enkoda ya inkrementali. Diski yenye mistari hukatiza mwanga, na sensa mbili, A na B, huhesabu. Ikitangulia A, mota inaenda upande huu. Ikitangulia B, inarudi. Diski ya mistari 1,000 hutoa hesabu 4,000 kwa mzunguko. Kama skrubu husogeza meza milimita 10 kwa mzunguko, kila hesabu ni milimita 0.0025. Kwa mbao, hiyo inatosha na kubaki! Ila ni kama mtu anayehesabu hatua akiwa amefumba macho: stima ikipotea, hesabu nayo imekwenda.

Enkoda ya absoluti haihesabu, inasoma. Kila pembe ina namba yake. Biti 17 ni nafasi 131,072. Nyingi zimetumia msimbo wa Frank Gray wa Bell Labs, aliyepewa hataza mwaka 1953: namba jirani hutofautiana kwa biti moja tu, hivyo ukisoma katikati ya nafasi mbili hukosei zaidi ya hatua moja. Stima ikirudi, inajua pembe yake papo hapo. Lakini jihadhari: zile za mzunguko mmoja hazijui mota imezunguka mara ngapi. Nyingi za mizunguko mingi hutunza hesabu hiyo kwa betri ndogo, na betri ikifa umerudi pale pale.

Halafu kuna vumbi. Enkoda ya mwanga ni sahihi sana lakini unga wa mbao ukiingia ndani inapofuka, kwa hiyo lazima iwe imefungwa vizuri. Ya sumaku huvumilia uchafu, ingawa kwa kawaida usahihi wake ni mdogo zaidi. Rezolva, yenye koili tu bila elektroniki ndani, huvumilia joto na mtikisiko, lakini huhitaji kidhibiti cha kuitafsiri.

Uamuzi wetu? Inkrementali iliyofungwa vizuri, pamoja na swichi za kikomo. Stima ikirudi, programu inainua kwanza kisu kutoka kwenye mbao, inatafuta swichi, inasubiri alama ya Z inayotokea mara moja kwa mzunguko, kisha inaendelea kutoka mstari wa mwisho iliouhifadhi. Mlango unaokolewa, na pesa iliyobaki inanunua mbao.

Ingekuwa mkono wa roboti, ningemwambia alipe absoluti bila kubishana. Mkono hauwezi kupapasa ukitafuta swichi huku mtu amesimama karibu.

Kwa hiyo ukienda dukani usianze na idadi ya biti. Anza kwa kuuliza stima ikirudi itakuwaje.