Daftari jeusi: hadithi moja, watu sita

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuninunia. Kabla sijapotea tena, ngoja nijibu lile swali ambalo mmenibana nalo pale Yombo, kwenye foleni ya chakula na hata ndani ya daladala: hivi lile daftari jeusi mnalopokezana kwenye lekcha ni la nini? Mmoja aliniuliza kama ni desa la mtihani. Jamani, lingekuwa desa ningekuwa nimeshalitoa kopi na kuuza!

Ni kauntabuku kwaya tatu, jalada jeusi, kona zimeshaanza kunyanyuka. Ndani yake kuna hadithi moja inayoandikwa na watu sita. Kila mmoja wetu ana mhusika wake mmoja. Ukipewa daftari unaandika maneno na matendo ya mhusika wako tu, halafu unampa anayefuata. Huruhusiwi kumsemea mhusika wa mwenzio wala kumwua. Ukitaka kumpiga mshale, andika kwamba umerusha. Kama umempata au umemkosa, atasema mwenyewe zamu yake ikifika. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu anayejua hadithi inakwenda wapi, na ndiyo raha yake.

Hadithi yenyewe iko Shambaai, katika kijiji tulichokibuni sisi wenyewe, mahali fulani kati ya Soni na Vuga. Wakati wake ni miaka ile baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862. Lushoto niliileta mimi, kwa sababu ndiko kwetu. Miaka ile niliitaka kwa sababu ina kila kitu. Mfalme aliyetawala miaka mingi amekufa, Wakilindi wenyewe kwa wenyewe wanagombana, na Semboja amekaa kule chini Mazinde kwenye njia ya misafara, ana bunduki. Mtunzi anataka nini zaidi? Tuna zumbe wa kijiji, mwindaji, mganga wa mvua, mfinyanzi wa vyungu, kijana aliyetoroka msafara, na mimi ni mjumbe. Mjumbe hana ukubwa wowote, ila anaingia kila nyumba.

Msidhani sisi ndio tumevumbua. Mtambaji wa kwetu akisema paukwa, anangoja uitike pakawa, usipoitika haendelei. Hapo tayari mko wawili. Hapa hapa Mlimani kuna watu waliandika pamoja kabla hatujazaliwa. Tamthilia ya Harakati za Ukombozi ya mwaka 1982 ina majina matatu ya waandishi, yaani Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Na kwetu mlimani kuna hadithi ya Mbegha, yule mwindaji kutoka Nguu. Ndugu zake walimkataa kwa sababu alikuwa kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota. Akakimbia na mbwa wake, akawinda nguruwe walioharibu mashamba ya Wasambaa, akawapa nyama nao wakampa vyakula vya shambani, mwisho akaua simba na kufanywa mfalme kule Vuga. Hadithi hiyo Abdallah bin Hemedi aliiweka kwenye Habari za Wakilindi, iliyochapwa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Steven Feierman naye alipofanya utafiti Usambara miaka ya 1960 aliwasikiliza wazee wengi, na kitabu chake cha 1974 kinaonyesha kwamba si wote waliisimulia kwa namna moja. Mbegha ni daftari la kupokezana, tofauti ni kwamba halikuwa na karatasi.

Sasa mazoea yangu ya kuandika, maana kuna aliyeuliza kama nasubiri mzuka. Sisubiri. Mzuka ukisubiriwa unakuja wiki ya UE. Naandika alfajiri, kabla chumba hakijaamka na kabla foleni ya bafu haijaanza. Kwanza nasoma kwa sauti ya chini zamu tatu zilizopita, zote, hata ile ya jamaa mwenye mwandiko wa daktari. Kuisikia sauti ya mhusika wa mwenzio kunakufanya umjibu yeye, maana bila hivyo unaishia kujijibu mwenyewe. Halafu naandika ukurasa mmoja tu. Nina mengi ya kusema, lakini ukiandika kurasa sita umewafungia wenzio milango yote. Na kila nikimaliza najiuliza swali moja: nimemwachia nani kitu cha kufanya? Kama hakuna, nafuta nianze upya. Penseli ni lazima, kalamu ni ya watu wanaojiamini.

Mfukoni nina kijitabu kingine kidogo cha kuokota. Naokota maneno ya watu. Konda wa Mombo akigombana na abiria kuhusu mzigo wa kabichi, nachukua. Wazee wakisalimiana onga makeo na kuulizana habari za nyumba nzima mpaka za mbuzi, nachukua. Naokota na mahali. Ile barabara ya kupanda kutoka Mombo, kona juu ya kona, mto uko chini yako na mwamba uko juu yako, ndiyo njia ya mjumbe wangu, ila yeye hana basi. Ukungu wa Magamba asubuhi, ambao unamsikia mtu anakohoa na humwoni, niliutumia kumficha kijana wa msafara. Pale Irente ukisimama kwenye jiwe unaona nyika yote imelala chini yako na Mazinde pale miguuni. Nilielewa hapo kwa nini mtu wa juu na mtu wa chini wasingeaminiana. Mtu wa juu anamwona kila anayepita, na mtu wa chini anajua anaonwa.

Basi bwana, kwenye muhula wa pili daftari likagonga mwamba. Zumbe na mwindaji waligombea nguvu. Zumbe akiandika ana watu ishirini wenye mikuki, mwindaji anaandika ana dawa ya kutoingia mkuki. Zumbe anapata bunduki, mwindaji anaonekana amelala juu ya paa la mwenye bunduki. Kurasa kumi na nne nzima ni wao tu, hakuna anayeumia, hakuna anayeogopa. Mganga wa mvua akaandika mstari mmoja, "Nimekaa kivulini nawaangalia," akalifunga. Daftari lilikaa wiki tatu juu ya kabati bila kuguswa. Wenyewe hawakugombana, walikuwa wanakula sahani moja, lakini hadithi ilikuwa imekufa. Chuo kilipofungwa tukagawanyika kwenda TP. Mimi nikapangiwa shule ya sekondari huko huko Lushoto, nikalitia daftari kwenye begi kwa sababu hakuna aliyelidai.

Nilikaa kwa bibi. Jioni baridi ya mwezi wa saba ile mnayoisikia tu, tuko jikoni karibu na moto, nikaanza kumsomea. Mwanzoni alikuwa anacheka, hasa mfinyanzi alipomkopesha zumbe chungu na kumdai mbele ya wageni. Akasikiliza zile kurasa kumi na nne bila kusema kitu. Nilipomaliza akasukuma kuni, akaniuliza:

"Mjukuu wangu, huko kwenu mvua imenyesha lini?"

Nikamwambia, bibi, hii ni hadithi ya vita.

"Nimesikia. Nauliza mvua. Hao watu ishirini wa zumbe wanakula nini?"

Nikarudi kwenye daftari ukurasa kwa ukurasa. Miezi minne ya hadithi na hapakuwa na tone la mvua, hapakuwa na mtu aliyepanda wala kuvuna, na mganga wa mvua tunaye! Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka Feierman, niliyemsoma kitengo cha East Africana kwa ajili ya zoezi moja la Historia. Anaeleza kwamba Wasambaa walizungumza habari za kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mfalme alihesabiwa kuwa mwenye mvua. Nguvu zikikaa mahali pamoja na kutulia, nchi inapona, chakula kinapatikana. Lakini wakubwa wakipambana, nguvu kwa nguvu, mvua inakatika na njaa inaingia. Yaani ugomvi wa wakubwa hauishii kwa wakubwa, unashuka mpaka kwenye chungu cha mama asiyemjua hata mmoja wao.

Hapo nikaona tatizo la daftari letu lilishapewa jina kabla sisi hatujazaliwa. Asubuhi nikaandika zamu yangu. Sikumgusa zumbe wala mwindaji, sheria ni sheria. Niliandika kwamba mjumbe amepita nyumba saba na katika nyumba zote saba mafiga yamepoa. Amekuta mtoto anachokonoa ardhi akitafuta viazi vilivyosahaulika. Kila nyumba imempa swali lile lile apeleke juu: mvua iko wapi? Nikaandika kwamba mjumbe amesimama mlangoni kwa zumbe na swali mkononi. Nikaishia hapo. Daftari nikalikabidhi kwa dereva wa basi tunayemfahamu, likashuka Korogwe kwa mganga wa mvua, ambaye naye alikuwa TP huko.

Wadau, lile daftari lilifufuka. Mganga alijibu kurasa mbili, akasema mvua haiji mpaka wawili wale wakae chini. Likafika Tanga kwa mwindaji, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mwindaji akaandika kwamba mbwa wake mmoja amekufa kwa njaa. Ameuliwa na yeye mwenyewe, mwenye mbwa! Alinipigia simu usiku kuniambia ameumia kweli, kama ana mbwa kweli.

Nikaona nisiishie hapo. Darasani nilikuwa na kidato cha pili, somo la Historia, mada ya falme, na wanafunzi walikuwa wananiangalia kama televisheni iliyokatika sauti. Nikajaribu igizo dhima, lile tunalolisoma kwenye mbinu za kufundishia na kulijibia mtihani bila kulifanya. Nikawagawa: wazee wa Vuga, wanawake wa shambani, na kijana mmoja mfupi nikamfanya Mbegha. Swali lilikuwa moja tu: mgeni ameleta nyama, je, mmpe utawala? Binti mmoja wa dawati la nyuma, aliyekuwa hajanyosha mkono tangu nifike, alisimama upande wa wanawake akauliza, "Nyama ikiisha, atatupa nini?" Darasa zima likageuka. Sikuwa na jibu la kumpa, na sikulihitaji. Walibishana mpaka kengele.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike leo.

Mfinyanzi wetu hajarudi. Tumefungua chuo, yeye ameahirisha mwaka. Ada imemshinda, nyumbani kwao aliyekuwa anamlipia anaumwa, na ndugu zake wadogo wanamtegemea yeye. Hakutaka tuchangishane, alisema mwaka huu anakaa na kutafuta. Simtaji hapa, na ninyi mnaomjua msimtaje. Aliomba kitu kimoja tu, aletewe daftari mara ya mwisho kabla hatujaondoka likizo. Tulidhani atamwua mfinyanzi. Ni haki yake, mhusika ni wake, na huwa ndivyo watu wanavyofanya wakitoka. Mwindaji alishaanza kuuliza tutamzika wapi.

Hakumwua. Ameandika nusu ukurasa. Mfinyanzi amepanga vyungu vyake, ametia majani katikati visigongane, amejitwisha na kushuka kwenda soko la nyikani kubadilishana na chakula, kwa sababu njaa ya kijiji haitamalizwa na mganga peke yake. Amemwambia jirani amwangalizie moto. Mstari wa mwisho hausemi atarudi lini.

Tulikaa watano chumbani, tukasoma, hakuna aliyesema kitu. Halafu tukaongeza sheria moja, na ndiyo ya mwisho kuandikwa kwenye jalada la ndani: moto wa mfinyanzi hauzimwi. Kila mtu akipewa daftari, haidhuru mhusika wake yuko wapi, vitani au porini, lazima kuwe na mstari mmoja wa mtu aliyepita nyumba ile na kuchochea kuni. Zumbe wetu, yule wa mikuki ishirini, juzi ameandika kwamba amekwenda mwenyewe usiku bila walinzi. Mvua bado haijanyesha. Mganga anasema bado.

Wiki hii daftari liko kwangu. Kesho alfajiri naandika zamu yangu, mchana linakwenda kwa kijana wa msafara. Nafasi ya saba tumeamua kuifungua, kwa hiyo kama unajisikia, nitafute baada ya lekcha ya asubuhi. Masharti: uwe na mwandiko unaosomeka, ukubali kushindwa mara moja moja, na usije na mhusika mwenye dawa ya kutoingia mkuki. Tumeshamchoka huyo.

Na kama una bibi au babu ambaye bado yupo, mpigie simu wiki hii umsomee chochote unachoandika. Usimuulize kama ni nzuri. Ngoja akuulize yeye.

Haya, siku njema, tuonane Yombo.